Jibu: Walumbu ni watu gani, na ni Wakristo?

Mkuu, Walumbu unaowauliza wako kusini-magharibi mwa Gabon, pande za Mayumba, na wengine wamevuka hadi Kongo-Brazzaville. Mtoto huhesabiwa ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba ana sauti kubwa kwenye mahari na urithi, wakati mwingine kumshinda baba mzazi! Chakula ni samaki wa Banio, ziwa la maji ya chumvi lililo pwani, na muhogo uliolowekwa, ukapondwa, ukafungwa majanini na kuchemshwa. Ukristo upo, hasa Ukatoliki ulioletwa na wamisionari Wafaransa. Lakini usidhani mila zimekwisha: kinyago chao, uso wa mbao uliopakwa udongo mweupe, bado huchezwa na mchezaji anayetembea juu ya magongo marefu, mwili wake ukiwa umefichwa ndani ya vazi.