Pipa la pia: tafuta ubaridi kwanza, halafu koki

Mkuu, umeuliza kama uachane na ndoo zako za plastiki ununue pipa la kuchachushia la chuma cha pua, lile lenye kitako kilichochongoka kama pia ya kuchezea, na kama ukinunua ulifunge vifaa gani. Napika bia gerejini hapa Minnesota mwaka wa saba sasa, galoni 5 kila mpiko, yaani lita 19 hivi. Pipa la pia nilinunua mwaka wa tatu, na ningejua nijuayo leo ningesubiri kidogo.

Chuma chenyewe hakiongezi utamu. Hamira haijali imo ndooni au kwenye pipa la mamia ya dola, inajali joto. Na ikichacha inatoa joto lake yenyewe, bia ikawa nyuzi kadhaa juu ya hewa ya chumbani. Kipimajoto cha ukutani kinasoma nyuzi 20 za Selsiasi, ndani kumbe ni 24, halafu unashangaa bia inanukia ndizi kama mbege. (Mbege naipenda, ila iwe mbege.) Kama bado huna njia ya kushika joto, pesa hiyo nunua friji kuukuu na kidhibiti joto. Ndoo zitakuvumilia.

Ukiamua pipa, pima friji kabla hujalipa. Langu lina miguu mirefu. Nililiingiza, mlango ukagoma kufunga, nikalazimika kununua koili ya kuzamisha ndani na pampu ndogo ya kuzungusha maji ya barafu. Maji ya barafu yanatosha kushika nyuzi 18. Ukitaka kushusha bia hadi 1 au 2 ili itulie, ni mashine ya glaikoli (inapoza na kuzungusha kimiminika kisichoganda upesi), na hiyo inaweza kukuzidi bei ya pipa. Hakikisha pia lina ule mrija uliozibwa mwisho unaofika katikati ya bia, kipimajoto kikae humo.

Ukubwa: kwa lita 19 chukua la lita 26 au 27, povu lipate pa kupandia. La galoni 14 "la baadaye" usinunue. Zaidi ya nusu yake itakuwa hewa, na koili inaweza isifike kwenye bia. Mteremko wa pia uwe mkali, pembe ya nyuzi 60 ndiyo kawaida, mashapo ya hamira yateleze yenyewe.

Sasa koki ya chini, hapa ndipo nilipolia. Langu lilikuja na koki ya gololi, kama ya bomba la maji. Nilikuwa naisuuza kwa kupitisha dawa ya kuua vijidudu tu. Mipiko miwili mfululizo ikatoka na uchachu wa ajabu, nikalaumu hamira, nikalaumu maji. Siku nilipoifungua kwa spana nikakuta nyuma ya gololi kuna uji mweusi unaonuka. Tangu hapo natumia vali ya kipepeo (kisahani kinachogeuka ndani), na viungo vyote ni vya kibano na gasketi. Vinafunguka kwa mkono, kwa hiyo sina kisingizio: kila mpiko navitoa vyote, naviloweka, naviua vijidudu. Kama bajeti ni ndogo, kata kwingine kote, hapa usikate.

Mashapo yatoe polepole. Ukifungua vali kwa pupa, bia inajichimbia tundu katikati na hamira inabaki imeng'ang'ania pembeni. Na usingoje wiki tatu, itagandamana kama udongo wa mfinyanzi.

Jambo jingine ambalo duka halikuniambia: bia ikipoa, hewa ya ndani inasinyaa na pipa linavuta. Mrija wangu wa kutolea gesi ulikuwa umetumbukizwa kwenye chupa ya dawa. Asubuhi chupa ilikuwa tupu. Siku hizi kabla ya kupoza natoa mrija na kuunganisha gesi ya kabonidioksidi kwa shinikizo dogo sana, lakini soma kwanza pipa lako linahimili kiasi gani, maana mengine mifuniko yake haikutengenezwa kubeba shinikizo.

Mkono wa kuzungusha wa kunyonyea bia juu ya mashapo, nunua. Kioo cha kuonea mashapo kinapendeza pichani. Changu kiko kwenye droo na vijiko.

Tuandikie urefu wa ndani wa friji yako, na kama unapika ale (bia inayochachushwa kwenye joto la juu kidogo) au lager (inayochachushwa kwenye ubaridi), tuone lipi litaingia.