Resident Evil 2 kwa mtu mwoga: cha kurekebisha kabla hujashika pedi ya kuchezea

Mleta uzi ameuliza hivi: ana Resident Evil 2, gemu ya kutisha yenye zombi, ile iliyotengenezwa upya mwaka 2019. Amefika kituo cha polisi, na tangu lile jitu lenye kofia lianze kumfuata hawezi kucheza zaidi ya dakika kumi. Washkaji wanamcheka. Anataka kuimaliza, lakini hata muziki wa menyu unamtia baridi. Mkuu, wahenga walishasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Waache wacheke, sisi tuingie kwenye setingi.

Anza na sauti. Zima sauti yote kisha mtazame zombi anavyokuja: unabaki na mtu anayepepesuka kama mlevi wa saa nane usiku. Woga mwingi wa gemu hizi unapikwa masikioni. Kushtuliwa ghafla kunategemea tofauti kati ya ukimya mrefu na kelele inayopanda kwa kufumba na kufumbua. Mwili unaruka kabla akili haijajua ni kitu gani, kwa hiyo kujikaza hakusaidii, unachoweza ni kupunguza ile tofauti. Televisheni nyingi zina setingi ya sauti ya usiku, huandikwa Night Mode au Auto Volume, inayoshusha kelele kubwa na kupandisha sauti ndogo. Kwenye kompyuta ya Windows ingia kwenye sifa za spika utafute Loudness Equalization. Si kila mashine inayo, inategemea draiva ya sauti (programu inayoendesha sauti ya kompyuta), lakini ikiwepo iwashe.

Kosa linalofanywa na karibu kila mtu ni hili: hasikii vizuri wanavyozungumza, anapandisha sauti ya TV, mazungumzo yanaisha, anasahau kuishusha, halafu dirisha linapasuka na zombi anaingiza mikono. Washa maandishi ya chini ili usiwe na sababu ya kupandisha sauti. Ndani ya gemu weka muziki kama 30, athari za sauti 60 hadi 70, mazungumzo 100. Muziki usiushushe hadi sifuri. Kwenye Resident Evil 2 muziki hubadilika lile jitu lenye kofia linapokukaribia, na nyayo zake zimo kwenye athari za sauti. Ukizima vyote umejifumba macho mwenyewe, na utakutana naye kwenye kona bila taarifa. Hapo ndipo watu hutupa pedi.

Hedifoni zina pande mbili. Zinakuambia kama nyayo ziko juu yako, chini au nyuma ya ukuta wa kushoto, na taarifa hiyo ni dhahabu. Lakini zinakufungia ndani ya jengo pamoja na wenyeji wake. Mwoga aanze na spika za TV, au avae hedifoni sikio moja na la pili alibakishie nyumba, asikie watu wakipika na jirani akigombana.

Mwanga sasa. Gemu nyingi zinakuonyesha picha mwanzoni na kukuambia shusha mwangaza mpaka ionekane kwa shida. Usiwatii. Panda hatua mbili au tatu juu ya hapo. Ukizidisha, weusi wote unageuka kijivu na maumbo yanapotea, kwa hiyo utaanza kuona viumbe kwenye kila doa la ukuta. Washa taa ya chumba, iwe nyuma ya TV au pembeni isiakisi kwenye kioo. Binadamu hushtuka kwa nguvu zaidi akiwa gizani, hilo limepimwa maabara, wala si aibu yako peke yako. Kama TV ni kubwa, rudi nyuma mita mbili au tatu. Kwenye kompyuta, cheza kwenye dirisha dogo badala ya skrini nzima: saa ikionekana pembeni na ujumbe wa kikundi cha familia ukiingia, zombi anapoteza hadhi.

Zima mtetemo wa pedi. Gemu nyingi hukupigia mapigo ya moyo mikononi, na moyo wako unaanza kuyafuata.

Kuna jambo linalochanganywa na woga kila siku: kichefuchefu. Gemu za kuona kwa macho ya mhusika, mfano Resident Evil 7 ya 2017, huwafanya baadhi ya watu watoke jasho, mate yajae mdomoni na kichwa kiume, wakadhani wameogopa kumbe macho na masikio ya ndani hayakubaliani. Zima kutikisika kwa kichwa, zima ukungu wa mwendo (Motion Blur), na kama kuna upana wa kuona, unaoandikwa FOV, uupeleke 80 au 90. Dalili zikiisha, ulikuwa huogopi kama ulivyofikiri. Na miwani ya VR, ile inayokufunika macho kwa picha, iache mpaka mwisho kabisa. Resident Evil 7 ndani ya miwani ni habari nyingine, huwezi hata kugeuza uso pembeni.

Sasa tuje kwa jitu lenyewe, maana hapa ndipo uzi wote ulipo. Mr. X anatisha kwa sababu hujui sheria zake, naye anazo, na anazifuata kuliko askari wa barabarani. Anatokea baada ya wewe kuzima moto wa ile helikopta iliyoanguka ghorofani upande wa mashariki (ukicheza hadithi ya pili, yaani mzunguko wa pili kwa mhusika mwingine, anakuja mapema zaidi). Hakimbii. Anatembea kwa hatua ndefu, na wewe ukikimbia unamwacha. Hauawi kwa risasi humo kituoni. Ukimpiga nyingi anapiga goti kidogo kisha anainuka, kwa hiyo risasi hizo ni hasara tupu. Milio ya bunduki inamwita. Vyumba vya kusevia (kuhifadhi ulipofika) vyenye taipureta na sanduku la mizigo haingii, isipokuwa ukumbi mkuu. Pale kuna taipureta lakini anaingia, na wengi wamenaswa wakijisikia wako salama mbele ya sanamu.

Ukishajua hayo, kazi inakuwa ya ramani. Kabla ya kutoka chumba cha kusevia fungua ramani: chumba chekundu bado kina kitu, cha bluu kimemalizika. Chagua safari moja, mfano kuchukua ufunguo na kurudi, usipange tatu. Simama mlangoni sekunde kumi usikilize nyayo. Zikiwa zinakuja, subiri. Zikienda mbali, toka upande wa pili. Akikukuta kwenye korido pana, zunguka meza au mwache arushe ngumi ikose halafu pita ubavuni, ukiwa na afya nzuri hata ngumi moja haikuui. Akikukuta kwenye korido nyembamba, geuka. Jifunze kitufe cha kugeuka ghafla ukiwa mahali salama, ufanye mara ishirini mpaka kidole kijue chenyewe, kwa sababu mwenye hofu hasomi maelekezo.

Zombi wa kawaida usiwamalize wote. Risasi ni chache na kichwa kinakula nyingi. Mpige mguu mmoja mpaka aanguke, atatambaa, mpite. Makorido unayoyapita kila mara yazibe madirisha kwa mbao unazookota. Beba kisu au bomu la mwanga kama kinga, kwa sababu ukikamatwa unakitumia na kujinasua. Kujua tu kwamba una nafasi ya pili kunashusha mabega.

Halafu Licker, wale wenye ulimi mrefu na ubongo nje. Hawaoni kabisa, wanasikia. Ukitembea polepole unaweza kupita karibu mno bila tatizo. Hapa woga ndio unaoua: mtu anamwona darini, mkono unakaza, kidole kinabana kitufe cha kukimbia, na mbio ndizo zinazomleta. Dawa ni kuachia pedi kidogo, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita au nane, kisha sukuma kijiti kidogo tu. Shida inakuja Mr. X akiwa nyuma yako na Licker mbele. Hapo rudi chumba ulichotoka au tafuta njia nyingine, usijaribu ushujaa.

Kiwango cha ugumu: chagua Assisted bila kuona haya. Unasaidiwa kulenga, afya inajirudisha kidogo yenyewe, na maadui ni laini zaidi. Hadithi ni ile ile. Kwenye kompyuta kuna watu walimbadilisha Mr. X akawa treni ya katuni za watoto yenye uso wa tabasamu. Ni upuuzi, lakini tatizo lako likiwa ni sura yake, upuuzi huo ni tiba halali.

Usibebe sheria za gemu moja kwenda nyingine. Alien: Isolation ya 2014 ni kinyume chake: yule kiumbe anakimbia kuliko wewe, kwa hiyo kukimbia ni kujiita kifo. Kile kifaa cha kufuatilia mwendo kinalia, na akiwa karibu anakisikia. Ndiyo maana anayekishika muda wote ndiye anayekufa zaidi. Kusevu kunachukua sekunde kadhaa na unaweza kuuawa kadi ya kusevia ikiwa bado ndani ya mashine. Ina ngazi ya ugumu ya Novice, ianze hiyo. Amnesia: The Dark Descent ya 2010 haina silaha hata moja. Giza linakuficha lakini linakula akili ya mhusika, na kumkodolea macho kiumbe kunaila zaidi. Angalia ukuta, subiri, ataondoka. SOMA ya 2015, ya watengenezaji hao hao, iliongezewa Safe Mode mwishoni mwa 2017: viumbe wapo, hawakuui. Kwa mwoga anayetaka hadithi nzito, hiyo ni zawadi.

Gemu mpya zaidi zimeanza kutujali. Dead Space ya 2023 ina maonyo ya maudhui na njia ya kuficha matukio mabaya zaidi. Alan Wake 2 iliongezewa mwaka 2024 setingi za kupunguza nguvu na sauti ya zile picha zinazokurukia. Kwa wenye hofu ya buibui tu, Lethal Company ina setingi inayomwondoa buibui na kuweka hewani neno la Kiingereza la buibui, linatambaa kukufuata. Inachekesha kuliko kutisha. Na mwenye kuogopa milio ya mapangoni kwenye Minecraft awashe maandishi ya sauti: kwenye toleo la Java jina la kila sauti linatokea pembeni pamoja na mshale wa upande inakotoka.

Mwenye simu tu aanze na Granny, gemu ya kutoroka nyumba ya bibi muuaji. Ina kiwango cha Practice ambacho bibi mwenyewe hayupo. Zunguka nyumba yote, jua droo, vitanda vya kujificha na mbao za sakafu zinazolia. Ukipanda ngazi ya Easy unakuwa mwenyeji. Kanuni yake ni moja: bibi anasikia kila kitu, ukiangusha kitu anakuja pale kilipoangukia. Ukishaijua unaanza kuangusha vitu makusudi upande mmoja huku unafungua mlango upande mwingine.

Kutazama video ya mtu anayecheza kabla yako si udanganyifu. Tazama sehemu unayoiogopa tu, mchana, bila sauti. Weka ubora wa chini kabisa, 144p: bando linapona na zimwi linakuwa doa la ukungu. Mara ya pili weka sauti. Tovuti ya Does the Dog Die ina orodha ya mambo yanayosumbua watu kwenye filamu na gemu, unaweza kukagua kabla hujanunua.

Muda: dakika 20 hadi 30 kwa mkao mmoja, na uondoke ukiwa umesevu ndani ya chumba salama, kazi ndogo ikiwa imekamilika. Kosa kubwa ni kubonyeza pause zimwi likiwa usoni na kuzima. Kesho hutaifungua, na keshokutwa utaifuta. Sevu kwa kuzungusha faili tatu. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili hilo linaweza kuharibika, na hakuna mwoga atakayekubali kurudia korido ile ile mara mbili. Acha gemu saa moja kabla ya kulala.

Ukicheza na mtu, mmoja ashike pedi, mwingine ashike ramani na kusikiliza nyayo, mbadilishane kila anapokufa. Mchague mtulivu. Anayepiga kelele kabla yako anakuzidishia. Na watoto wasikae sebuleni wakati huo, gemu hii ni ya miaka 18 Ulaya na 17 Marekani, na anayetazama bila kushika pedi anaumia zaidi kwa sababu hana la kufanya.

Lengo lisiwe kuua woga wote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, waliwafunga watu 110 vipimo vya moyo ndani ya nyumba ya kutisha, matokeo yakatoka 2020: raha ilikuwa juu kwenye woga wa katikati, ikashuka woga ulipokuwa mdogo mno au mkubwa mno. Kwa hiyo rudisha setingi moja moja. Ukimaliza kituo cha polisi bila mikono kutetemeka, pandisha muziki hadi 50. Ukiteremka kwenye mifereji ya maji machafu, zima taa kubwa ubaki na ndogo. Hedifoni sikio la pili ngojea mzunguko wa pili, ukiwa tayari unajua Mr. X anatokea mapema.