Mteja Hanunui Python

Wiki hii msomaji wa Wete kaniandikia: "Kaka, programu yangu ya stoo kwangu inakwenda vizuri, kwa mteja inasema ModuleNotFoundError. Nimemwambia ainstoli Python upya na maktaba zake, kanuna."

Ana haki ya kununa, mdogo wangu. Kosa hilo maana yake Python, lugha uliyoandikia programu, haikuiona maktaba fulani, yaani msimbo wa wengine ambao programu yako inautegemea. Mwenye duka anataka abofye, aone hesabu yake.

Mimi niliwahi kuambiwa mbele za watu, duka moja pale Darajani, kwamba nilichopeleka "si programu, ni mafaili tu". Linaniuma mpaka leo, maana hesabu zote mle zilikuwa sahihi.

Mafunzo mengi yanawalenga watunzi wa maktaba. Maktaba huingia kwenye mradi wa mtu mwingine na kukaa na nyingine, ndiyo maana huacha wazi matoleo ya maktaba inazozitegemea. Programu ya mteja inakaa peke yake. Ifungie kila toleo la maktaba zake mpaka tarakimu ya mwisho, na Python yake uibebe humo humo.

Majuzi nimefunga programu ya duka la vifaa vya ujenzi Chake Chake. Kompyuta ya pale ni Windows 7 ya biti 32, na intaneti ni ya simu ya tajiri: akitoka, nayo imetoka. Python 3.9 na kuendelea haiikubali Windows 7, basi nikatumia 3.8 ya biti 32, tena juu ya Windows, kwani PyInstaller, zana ya kufunga programu pamoja na Python yake, haikutolei faili la .exe ukiwa kwenye Linux. Ile --onefile, ya kutoa faili moja tu, niliiacha. Hujifungua upya kila ikiwashwa, na antivairasi nyingi huishuku. Nikatoa folda nzima, nikaitia kwenye flashi. Hifadhidata ya SQLite nikaiweka AppData, folda ya Windows ya data za mtumiaji iliyo nje ya folda ya programu, ili toleo jipya likija lisifute madeni ya watu. Tajiri akabofya, orodha ya saruji na nondo ikafunguka. "Basi? Ndiyo imekwisha?" Imekwisha.

Vijana wenzangu, tuache kumtwisha mteja kazi yetu. Fungeni matoleo. Mwenye Linux, pipx, inayoiwekea kila programu ya Python mahali pake, inamtosha ikiwa umeandika [project.scripts], yaani amri ya kuiwasha programu, ndani ya pyproject.toml, faili la maelezo ya mradi; kwani tangu Debian 12 ya 2023, pip, kisakinishi cha kawaida cha Python, hukataa kuingiza vitu kwenye Python ya mfumo. Narudia: fungeni matoleo!

Na wewe wa Wete, kaazime laptopu isiyo na Python kabisa, zima intaneti, uijaribu folda yako. Ikifunguka hapo, mrudie mteja.