Chai Ilishuka Bei, Mbona Wakaimwaga?

SWALI: Shikamoo Babu. Kitabu cha shule cha mwanangu kinasema mwaka 1773 watu wa Boston walimwaga chai baharini kwa hasira ya kodi. Ukurasa huohuo unasema sheria ya mwaka ule ilishusha bei ya chai. Sasa mtu anamwagaje kitu kilichoshuka bei? – Mama Wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kitabu hakijakosea. Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya biashara ya Waingereza, ilikuwa imezama kwenye madeni, na maghala yake London yamefurika chai. Bunge la Uingereza likairuhusu kuipeleka moja kwa moja Amerika, kwa mawakala iliowateua yenyewe. Bei ikashuka. Ila ushuru wa peni 3 kwa ratili, uliowekwa mwaka 1767, haukuguswa.

Peni 3! Ukiniuliza mimi, ugomvi haukuwa peni. Ushuru ule ndio uliomlipa mshahara gavana wa Massachusetts, koloni la Uingereza huko Amerika lenye mji wa Boston, na majaji nao walipangiwa kulipwa humo. Zamani gavana alisubiri baraza la wakazi wa koloni limlipe. Likinuna, naye anasota. Sasa analipwa kutoka mfuko wa mfalme, atamsikiliza nani? Na anayemlipia ni mnywa chai, ambaye London hana mbunge hata mmoja. Tena gavana mwenyewe, Thomas Hutchinson, wanawe wawili walikuwa miongoni mwa mawakala wa chai hiyo. Hapo hata mimi ningekunja uso.

Lakini tusiwatakase sana. Wapo waliotajirika kwa chai ya magendo ya Waholanzi, na chai rahisi ilikuwa inawatilia mchanga kitumbua chao.

Meli za chai zilipotia nanga Boston, wakazi walitaka zirudi na mzigo wao. Hutchinson akakataa: ushuru kwanza. Tarehe 17 Desemba forodha ingeweza kuushika mzigo wa Dartmouth, meli iliyotangulia kufika. Kwa hiyo usiku wa tarehe 16 wanaume waliojipaka masizi, wakijifanya Wamohawk, kabila la wenyeji wa asili wa Amerika, walipanda meli tatu wakapasua makasha 342. Maji yalikuwa yamekupwa, chai ikarundikana ubavuni mwa meli hadi ikabidi waisukume mbali.

Mimi hunichekesha kufuli. Walivunja moja, mali ya nahodha, kisha wakamletea jingine. Chai ya karibu pauni 10,000 haikulipwa, kufuli lilirudishwa.