Jibu: Vijana husikiliza mara moja, kisha hawarudi
Salamu, ndugu yangu. Umeuliza kwa nini vijana wa mtaa wa Mathare, Nairobi, unaowasimulia ulivyokua bila wazazi huguswa sana siku ya kwanza, kisha hawarudi. Yalinipata mimi pia huko Korogocho, nilikokulia nikiokota chuma chakavu. Kwanza angalia kama wanapewa la kufanya au ni masimulizi tu. MYSA, shirika la michezo la vijana lililoanzishwa Mathare mwaka 1987, liliunganisha kandanda na usafi wa mtaa, na timu zilizozoa taka zilipata pointi kwenye ligi. Nilipoacha kuhutubia nikaanza kukarabati baiskeli pamoja nao kila Jumamosi, walirudi, na masimulizi yakaja yenyewe, spana zikiwa mkononi. Mtoto akikueleza kwamba anapigwa nyumbani, usimwahidi kutunza siri: pigeni pamoja simu 116, nambari ya msaada kwa watoto nchini Kenya, ambayo hailipiwi.