Kufanana si kuiba

Eti riwaya ya The Hunger Games (2008) imeibwa kutoka riwaya ya Kijapani, Battle Royale (1999)? Vijana kuuana kwa amri ya serikali, hapo vinafanana kweli. Ila wazo lenyewe ni la kale: Suzanne Collins, mwandishi wa The Hunger Games, hutaja ngano ya Wagiriki, Athene ikitoa wavulana 7 na wasichana 7 waliwe na Minotauro, zimwi nusu mtu nusu fahali. Tofauti iko hapa: tazameni mtego wa kila riwaya unavyofanya kazi. Kwa Koushun Takami, mwandishi wa Battle Royale, ni darasa moja, wanafunzi 42, kola za kulipuka shingoni. Kinachotisha ni kumshuku rafiki. Kwa Collins mtego ni njaa: ukichukua nafaka na mafuta ya mwaka, jina lako linaongezwa kwenye kura ya kuchagua watakaopelekwa kuuana. Katniss, mhusika mkuu, miaka 16 tu, ana karatasi 20 humo.