Unayeanza ngumi, miguu kwanza

Kila anayekuja jimu mara ya kwanza anataka apewe begi alitwange. Begi halirudishi ngumi, ndiyo maana linapendwa. Mimi simpi. Wiki za mwanzo ni kusimama, kutembea na kuruka kamba, na hapo ndipo wengi wanapokimbia wakilalamika kwamba kocha anawapotezea muda.

Ukiwa unatumia mkono wa kulia, mguu wa kushoto unatangulia na wa kulia unabaki nyuma, kisigino kikiwa kimeinuka kidogo. Magoti yalegee, kidevu kiiname, ngumi zikae mashavuni, viwiko vifunike mbavu. Ukisogea mbele, mguu wa mbele ndio unaoanza. Ukirudi, unaanza wa nyuma. Ukienda kulia, unaanza wa kulia. Miguu haipishani hata siku moja. Bondia akikutwa miguu imepishana, anadondoshwa na ngumi ambayo isingemtikisa, na mwamuzi anamhesabia vilevile.

Baada ya hapo ndiyo jabu, ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele. Kuirusha si kazi, kazi ni kuirudisha. Irudi shavuni ilikotoka, kwa njia ileile. Ukiiacha ishukie kiunoni, upande wa kushoto wa uso umebaki wazi, na mpinzani mwenye mkono wa kulia mzuri anasubiri hilo tu. Nguvu za konde la kulia nazo usizitafute begani. Zinaanzia kwenye vidole vya mguu wa nyuma unaposukuma sakafu, zinapita nyongani, bega linamalizia tu. Anayepiga kwa bega peke yake utamjua raundi ya pili: mikono imeshakuwa mizito, glovu zimeshuka kifuani.

Raundi tatu za dakika tatu katika ngumi za ridhaa, kwa mtazamaji, ni muda mfupi. Ingia ulingoni uone. Wageni wengi hawachoshwi na mpinzani, wanajichosha wenyewe kwa kubana pumzi. Kila ngumi itoke na pumzi fupi. Mbio za alfajiri ni lazima, ila usikimbie mwendo mmoja tu. Changanya na mbio fupi za kasi, maana pambano nalo linakwenda kwa kushtukiza.

Sifa ninayoitafuta kuliko misuli ni utulivu. Mbabe wa mtaa ndiye mgumu kufundishika: akiguswa pua tu anafumba macho na kurusha mikono ovyo. Wengi huniambia wameona video ya Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali akiegemea kamba huku George Foreman anampiga mpaka Foreman mwenyewe akachoka, kisha Ali akamwangusha raundi ya 8. Basi na wao wanaegemea kamba. Rudieni ile video mtazame macho ya Ali. Hayamwachi Foreman. Mikono imefunika uso, anamkumbatia shingoni, na kila akipata mwanya anamrudishia konde la uso. Ule haukuwa uvumilivu wa kupigwa, zilikuwa hesabu za mtu mwenye miaka mingi ulingoni. Wewe mgeni, toka kwenye kamba.

Kuhusu kichwa sina utani. Ukipigwa ukahisi kizunguzungu, kichefuchefu au maumivu ya kichwa yasiyoisha, sema siku hiyohiyo, na usirudi kwenye sparingi, yaani mazoezi ya kupigana na mwenzako, mpaka daktari akuruhusu. Robert Wangila wa Kenya alichukua dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988. Mwaka 1994 alifariki kwa majeraha ya kichwa baada ya pambano Las Vegas. Kama bingwa wa Olimpiki hakusalimika, mimi na wewe ni nani? Kocha anayekupandisha ulingoni wiki ya kwanza upigane na mzoefu ili "akupime", muage kwa heshima utafute jimu nyingine. Na anayekuambia usinywe maji siku mbili ili uzito ukae sawa, huyo usimuage hata kidogo.

Pesa ikiwa ndogo, glovu utaazima. Kikinga meno na bandeji za mikono nunua vyako. Bandeji ianze kwenye kifundo cha mkono, ipite kwenye vifundo vya vidole, irudi tena kwenye kifundo cha mkono. Ikaze bila kuzuia damu. Halafu uifue kila baada ya mazoezi. Jimu zetu hazina madirisha mengi.